Mtoto Aliyesema Marahaba

Ilikuwa baada ya alasiri, Barabara ya 9, Ngamiani, hapa Tanga. Nilikuwa nimemshika mkono mtoto wa kaka yangu, ambaye hapa nitamwita Nasri ingawa si jina lake, tunakwenda kununua mkate. Mzee mmoja ambaye mtaa mzima unamheshimu alikuwa barazani na wenzake, kikombe cha kahawa pembeni. Alimnyooshea Nasri mkono kama anavyowanyooshea watoto wote wanaopita pale, akasubiri.

Nasri alisimama. Akainamisha kichwa, akaushika ule mkono, na kwa sauti nzito isiyo ya mtoto wa miaka saba akasema:

"Marahaba. Hujambo? Uko darasa la ngapi?"

Mtu mmoja alicheka. Mzee aliurudisha mkono wake mapajani, akanigeukia mimi.

"Mtoto huyu analelewa na nani?"

Ningeweza kumjibu maneno mengi. Nilimjibu hivi: "Na mama yake, mzee wangu. Hamfundishi."

Tukaenda tukanunua mkate. Njia nzima ya kurudi Nasri alikuwa akirudia, hatua kwa hatua, "Marahaba, hujambo, marahaba, hujambo," na mimi nikimvuta mkono atembee upesi tusionekane.

Zimepita wiki saba. Kilichoninyima usingizi si alichosema Nasri.

Shangazi mwenye uhakika

Mimi ndiye shangazi, na kwetu shangazi ana sauti. Wifi yangu alipojifungua Nasri, mimi ndiye niliyekesha naye hospitali. Kaka anaendesha lori, leo yuko Horohoro anavuka mpaka, kesho Mombasa, keshokutwa hajulikani alipo. Kwa hiyo kila kilichoonekana kuharibika kwa mtoto, nilikuwa na mtu mmoja wa kumtazama.

Nasri hakuamkia watu. Ukimwita jina haitiki, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Alikataa wali ulioguswa na mchuzi, hata tone moja. Kanzu ya Idi aliivua mlangoni akilia kana kwamba imeshika moto. Kwenye harusi ya binamu yetu, spika zilipowashwa, alijirusha chini, akawa anajipiga kichwa kwa viganja, na wageni wakatazama. Nilimsikia mama yangu akisema polepole, "Samaki mkunje angali mbichi." Nilimwitikia.

Niliamini kwa dhati kwamba wifi anamdekeza. Nilimwambia hivyo mara mbili au tatu, kwa maneno niliyodhani ni ya upole. Alikuwa akinisikiliza huku akikuna nazi, hajibu kitu.

Wakati ule alikuwa tayari ameshampeleka hospitali. Alikuwa ameshaambiwa neno usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayobadilisha namna mtoto anavyowasiliana na watu. Alituambia sote, na sisi tulilipokea kama mtu anavyopokea jina la mji ambao hana safari ya kwenda.

Unataka maji?

Nafundisha Kiswahili sekondari, huu ni mwaka wa 14. Siku kama kumi baada ya yale ya barazani nilikuwa nyumbani kwa kaka, umeme umekatika kwetu, nasahihisha mitihani ya kidato cha pili juu ya meza yao.

Nasri alikuja akasimama karibu na kiwiko changu. "Unataka maji?"

Nikamwambia, "Hapana mwanangu, asante."

Akaondoka. Akarudi. "Unataka maji?" Nikacheka kidogo, nikamwambia nimeshakunywa. Mara ya tatu aliuliza kwa sauti ya juu, mara ya nne alikuwa analia, na mara ya tano alikuwa chini sakafuni anajipiga paji la uso. Wifi alitoka jikoni, akachota maji mtungini, akampa. Aliyanywa yote, akatulia.

"Anaomba maji, wifi," aliniambia, bila hasira. "Akitaka maji husema hivyo."

Alirudi jikoni. Mbele yangu kulikuwa na karatasi ya mtihani, na swali la tatu nililolitunga mwenyewe: *Bainisha viambishi nafsi katika vitenzi vifuatavyo.*

U- ni nafsi ya pili umoja. Ni- ni nafsi ya kwanza. Miaka 14 nimekuwa nikiwakata alama watoto wa watu kwa kuchanganya hivyo viwili, na hapa alikuwepo mtoto wa damu yangu aliyekuwa amekwama katikati yake, anakufa kiu, na mimi namwambia asante.

Fikiri kidogo jinsi sisi tunavyozungumza na mtoto mdogo. Akiwa na kiu, kabla hajapewa kikombe, sikio lake husikia nini? Husikia "unataka maji?" Halafu maji huja. Watoto wengi, bila kufundishwa na yeyote, hugeuza ile u- ikawa ni- au na- wanapofika zamu yao ya kusema. Nasri hakugeuza. Aliichukua sentensi nzima, kama ilivyotoka kinywani mwa mtu mzima, pamoja na sauti yake, akaihifadhi kuwa ndilo jina la kiu.

Mtoto wa kwanza kuandikwa

Usiku ule nilianza kusoma, nikawa nasoma kila usiku.

Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, aliandika juu ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, ambao hakuweza kuwaweka katika ugonjwa wowote aliokuwa anaujua. Wa kwanza katika orodha yake aliitwa Donald, mtoto kutoka mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Kanner anaeleza kwamba Donald alipotaka kuoga alisema, "Unataka kuoga?" Alipotaka avuliwe kiatu alisema, "Vua kiatu chako."

Niliisoma sehemu hiyo mara nyingi. Mtoto wa Mississippi zaidi ya miaka 80 iliyopita, kwa Kiingereza, na mtoto wa Ngamiani kwa Kiswahili, kosa moja. Nikajilazimisha kuacha kuliita kosa.

Kwa muda mrefu wataalamu nao waliona kurudia-rudia maneno ya wengine ni ukasuku tu, tabia ya kuzimwa. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan walitoa utafiti wao: waliwafuatilia watoto wachache wenye usonji, wakatazama kila neno lililorudiwa lilisemwa wapi, mtoto akiangalia nini, akifanya nini. Waligundua kuwa sehemu kubwa ilikuwa na kazi. Kurudia kulikuwa namna ya kukubali, ya kuomba, ya kushika zamu katika mazungumzo, ya kujituliza ili afikiri.

Basi nikarudi barazani kichwani mwangu.

Tangu azaliwe, Nasri amekuwa akipita mbele ya watu wazima. Mkono wa mtu mzima hunyooshwa, na sauti nzito husema, "Marahaba. Hujambo? Uko darasa la ngapi?" Hiyo ndiyo sauti ya tukio lile. Neno shikamoo yeye hulisikia namna nyingine kabisa, likiwa limefungwa ndani ya amri: "Sema shikamoo." Na kwa muda mrefu ndivyo alivyokuwa akijibu. "Sema shikamoo," tunamwambia. "Sema shikamoo," anatuambia. Tulikuwa tukimfinya bega.

Siku ile hakuna aliyemwamrisha. Aliuona mkono, akajua hapa pana salamu, akatafuta ndani yake salamu nzima kuliko zote alizonazo, akaitoa kwa heshima, kichwa kimeinama. Katika watu wote waliokuwepo pale mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Macho yaliyoinama

Jambo moja wifi alinisimulia baadaye, na sijalimaliza kulifikiri.

Walipompeleka Nasri kwa wataalamu, akiwa na miaka minne, kwanza alipimwa masikio. Yalikuwa mazima. Kisha likaja swali: je, mtoto anakutazama machoni unapozungumza naye? Wifi alimjibu muulizaji kwa moyo mweupe kabisa kwamba hapana, na kwamba hawezi, kwa sababu amelelewa. Kwao, na kwetu, mtoto anayemkazia mkubwa macho ndiye mwenye kasoro.

Hivyo dalili moja kubwa katika vitabu ilikuwa imevaa kanzu ya adabu nyumbani kwetu, na tuliisifu. Mama yangu alikuwa akisema, "Mtizame Nasri alivyo na haya." Alimsifu kwa hilo hilo, akamlaumu kwa mengine.

Yule mtaalamu alikuwa na subira. Aliuliza upya, kwa namna nyingine. Alipokuwa ananyonya, alikuwa akiinua macho kukutazama? Ndege ikipita juu, anakuonyesha kwa kidole? Akishakuonyesha, anageuka kuhakikisha na wewe umeiona? Wifi alinyamaza kwa muda. Hakuwahi kuona kidole cha Nasri kikielekeza kitu ili mtu mwingine akifurahie. Alipotaka kitu, aliushika mkono wa mama yake, akaupeleka mpaka kwenye kitu chenyewe kama mtu anayetumia kijiko.

Watoto wengi huonyesha kwa kidole kabla ya kutimiza mwaka na nusu. Hilo halihitaji kipimo cha hospitali, linahitaji mtu wa kulitazama. Ningekuwa nalijua, ningeliona. Nilikuwa pale kila Ijumaa.

Wa kulaumiwa

Nilidhani tabia ya kumlaumu mama ni yetu, ya uswahilini, ya mawifi na mabaraza. Si yetu peke yetu.

Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, waliosoma zaidi ya wote ndio waliosema mtoto huwa hivi kwa sababu mama yake ni baridi. Kanner mwenyewe aliandika juu ya wazazi wasio na joto, na Bruno Bettelheim, huko Chicago, akalifanya kuwa fundisho lenye nguvu katika miaka ya 1960. Akina mama walielezwa na madaktari, ana kwa ana, kwamba wao ndio waliowafungia watoto wao nje ya dunia. Alitokea baba mmoja, Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la majini mwenye mtoto wa aina hiyo, ambaye mwaka 1964 alikusanya ushahidi kwamba chanzo kimo katika maumbile ya ubongo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha, na ilionekana wazi kuwa urithi una mkono wake mkubwa.

Na Kanner? Mwaka 1969 alisimama mbele ya mkutano wa wazazi, akawatangazia kwamba anawaondolea lawama. Ilimchukua zaidi ya miaka 20. Nimejiuliza ni wangapi kati ya wale akina mama walikuwa bado hai kusikia.

Huku kwetu lawama ina njia zake. Mtafiti Joseph Gona na wenzake walipowahoji wazazi na wataalamu katika kaunti za Mombasa na Kilifi, Kenya, walisikia yale ambayo mtu wa pwani anaweza kuyataja amelala: mashetani, uchawi, laana, na papo hapo maradhi, matatizo ya kujifungua, urithi. Watu wengi hushika yote kwa pamoja. Mama yangu alimpa Nasri kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya dua, na wifi hakukataa, na mimi siwezi kumdhihaki bibi anayemuombea mjukuu wake. Nasri aliwahi kupata degedege la malaria akiwa na miaka miwili, na mpaka leo mama anasema hapo ndipo alipopotea. Sikuwa na la kumjibu mpaka nilipokuta kwamba mwaka 2006 watafiti, akiwemo Folstein yule yule wa mapacha, waliandika kuhusu kundi dogo la watoto wa Tanzania wenye usonji, na baadhi yao dalili zilionekana baada ya malaria kali. Ni kundi dogo, na haithibitishi habari ya Nasri. Lakini bibi aliyekuwa akiangalia hakuwa mjinga.

Kuhusu chanjo, kwa sababu najua kuna atakayeniuliza: ile habari ya mwaka 1998 iliyosema chanjo ya surua inaleta usonji ilitokana na watoto 12 tu, na jarida la Lancet lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Mpelekeni mtoto akachanjwe.

Na kama unadhani ni watoto wa nadra, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Hesabu wanafunzi wa shule yako.

Nyoosha mkono

Hapa nitakuwa mwangalifu, kwa sababu na mimi ni mwalimu.

Shule ya kwanza aliyoandikishwa Nasri sitaitaja. Darasa lilikuwa limejaa, na kengele yao ni rimu ya gari inayogongwa kwa chuma, mita chache kutoka dirishani kwake. Kila ilipolia alikwenda chini ya dawati. Hilo walilivumilia.

Wasilolivumilia ni hili. Unajua darasa linavyosimama mwalimu anapoingia: "Shikamoo mwalimu!" Na mwalimu hujibu, "Marahaba, kaeni chini." Wiki ya tatu, kabla mwalimu hajafungua kinywa, Nasri alisema kwa sauti ile ile ya mwalimu, "Marahaba, kaeni chini." Darasa zima likakaa.

Aliambiwa anyooshe mkono. Viboko viwili.

Mwalimu yule hakuwa katili. Nimewahi kufanya kitu kama hicho, kwa mtoto mwingine, mwaka wangu wa pili kazini, kijana aliyekuwa akirudia mwisho wa kila sentensi yangu na mimi nikadhani ananikejeli. Namkumbuka jina lake lote. Sikuwahi kujiuliza alikuwa nani. Sasa najiuliza kila siku, na hakuna pa kumwuliza.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinaweka mipaka: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemruhusu. Hakuna kanuni inayoweza kumweleza mtoto kama Nasri kiboko kimetoka wapi. Kwake ilikuwa hivi: nilisema salamu, ikaja sauti "nyoosha mkono," yakaja maumivu.

Tangu siku hiyo "nyoosha mkono" likawa neno lake la hofu. Pikipiki ikinguruma nje, anasema "nyoosha mkono." Mvua ya radi, "nyoosha mkono." Akiota vibaya usiku, ndilo analoamka nalo. Wifi alimtoa shule ile, akakaa naye nyumbani muhula mzima.

Halafu, miezi mingapi baadaye, mzee akamnyooshea mkono barazani. Na yeye akaushika.

Kusimama nyuma yake

Sasa anasoma shule nyingine, yenye kitengo cha elimu maalumu. Si karibu. Wifi hupanda naye daladala mbili asubuhi na mbili mchana. Mwalimu wa kitengo alisomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kule Arusha, na ana watoto wengi kuliko mikono yake. Nilikwenda kumwona wiki ya nne ya kukosa usingizi kwangu. Nilimsimulia yote, na la barazani nikamsimulia, mpaka nililolisema mimi.

Hakunihukumu. Aliniuliza swali moja: "Unapotaka Nasri aamkie, unasimama wapi?"

Sikuelewa.

Akanieleza. Tunasimama mbele ya mtoto, tunamtazama, tunamwambia "sema shikamoo." Yeye anasikia maneno kutoka upande usio wake. Simama nyuma yake. Weka mkono begani, kama anapenda kuguswa, maana wapo wasiopenda. Halafu wewe mwenyewe, kwa niaba yake, mwambie mkubwa, "Shikamoo babu." Mkubwa ajibu, "Marahaba." Basi. Usiongeze kitu. Rudia kesho, na mwezi ujao. Na maji vivyo hivyo: usimuulize "unataka maji?" Simama pembeni yake, useme kwa kinywa chako maneno yanayotakiwa kuwa yake, "Naomba maji," kisha mpe.

Nilimwambia ni jambo dogo sana. Aliniambia ndiyo, lakini watu wengi huchoka siku ya tatu.

Mengine ya mwalimu yule niliyaona ukutani. Vipande vya maboksi ya biskuti vimekatwa vya saizi moja, kila kimoja kina picha: kijana anaosha mikono, daftari, uji, mpira, lango la shule. Vimepangwa kwa mstari kutoka asubuhi mpaka kurudi nyumbani, na kila jambo likiisha mtoto hukigeuza kile kipande kikatazama ukuta. Kabla kengele haijagongwa, mtoto mkubwa mmoja hutumwa kuja kuwaambia, nao huziba masikio mapema. Nilimwona Nasri akiziba. Hakwenda chini ya dawati.

Nyumbani tumetengeneza vyetu. Mama yangu, aliyekuwa akisema samaki akunjwe, ndiye aliyechora picha ya birika. Tumekata vibandiko vyote vya ndani ya nguo zake. Mchuzi unakaa bakuli lake, wali sahani yake, na hakuna anayesema neno. Akianza kuzidiwa, na sasa ninaweza kuona kabla, kwa jinsi anavyoanza kutembea kwa ncha za vidole na kuguna, hatumhoji wala hatumshauri. Tunazima redio, tunampisha chumba cha uani, mmoja anakaa karibu na mlango bila kusema. Nilidhani ile ni hasira, au deko. Mtoto anayedeka huchungulia kuona kama unamtazama. Nasri hana habari kama upo.

Si kila siku inakwenda. Juzi alitoka nyumbani peke yake, tukamkuta barabara ya tatu kutoka kwetu akihesabu vizibo vya soda. Wifi alitetemeka mpaka jioni. Sasa namba za simu zimeshonwa ndani ya pindo la shati lake, nimezishona mimi.

Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wao hawatusomi, na sisi hatuwasomi, ila upande mmoja tu ndio unaoitwa mgonjwa. Nimelipima hilo kwa habari ya maji. Nasri alinieleza mara tano.

Jikoni kwa wifi

Nilikwenda kumwomba radhi nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno, nilikuwa na kilo mbili za mchele, nilikuwa nimepanga nianzie wapi. Alikuwa akikuna nazi, kama kawaida.

Nilipofika kwenye "barazani siku ile nilimwambia mzee kwamba wewe…" alinikatiza.

"Niliambiwa siku ile ile, wifi. Kabla hamjarudi na mkate."

Akaendelea kukuna. Nilikumbuka kwamba jioni ile ile alinipakulia chakula, akanipa na cha kuchukua.

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba alitamke. Alimaliza kifuu, akachukua kingine. Kisha akasema, "Mkate umekwisha. Mpeleke Nasri, lakini pitieni palepale."

Barazani tena

Tulipita palepale. Mzee alikuwepo, wenzake walikuwepo, kahawa ilikuwepo. Safari hii hakunyoosha mkono.

Nilisimama nyuma ya Nasri, kiganja changu begani kwake. Nikasema, "Shikamoo babu."

Mzee alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akasita. "Marahaba," alisema.

Nasri hakusema kitu. Alikuwa akiangalia vizibo viwili vilivyolala kwenye ufa wa baraza. Mzee akafuata macho yake, akainama kwa shida, akaviokota, akamwekea kiganjani.

Nikamwambia mzee kwamba siku ile nilimdanganya, kwamba mama wa mtoto huyu anamfundisha kuliko mama yeyote ninayemjua katika mtaa ule, na nikamweleza kwa ufupi kwa nini mtoto alisema marahaba. Wenzake walinyamaza. Yeye alisikiliza akiwa ameinamisha uso, akizungusha kikombe.

Tulipokuwa tumeanza kuondoka aliniita. Alisogea akanipisha nikae, akapunguza sauti.

"Nina mjukuu Pangani. Ana miaka 11. Yeye husema maneno ya redio tu." Akanyamaza kidogo. "Wanapokuja wageni huwa wanamfungia ndani. Mimi ndiye niliyewaambia."

Kisha akaniuliza yule mwalimu anapatikana siku gani. Nilichana kipande cha gazeti lililofungia mkate, nikamwandikia jina la shule, na saa ya kitengo kufunguliwa. Alikikunja mara mbili, akakitia ndani ya kofia yake. Nasri alikuwa ameshapata kizibo cha tatu.